Upande wa Chini wa Kigoda

Jumatatu, saa moja asubuhi, gogo la Mzee Msasa halikuwa mahali pake. Palikuwa na nyasi za njano zilizolala, siafu waliozunguka bila mwelekeo, unga wa mbao uliolowa kwa mvua ya jana, na njia mbili za magurudumu zilizozama kwenye tope, moja nene, nyingine nyembamba.

Wakereza walisimama kuzitazama. Hawa ni watu wanaoishi kwa magogo ya barabarani. Barabara ilipoanza kupanuliwa, miti ya pande zote mbili iliangushwa, matawi yakachukuliwa na wauza kuni, na mashina makubwa yakaachwa kando ya mtaro. Wakereza huyakata vipande, huvifunga kwenye mashine na kutoa mabakuli. Hawana chama wala karatasi. Wana sheria moja tu: mtu akipaka alama yake ya rangi kwenye ncha za gogo, gogo ni lake, hata likikaa pale mpaka ligeuke udongo.

Alama ya Mzee Msasa ilikuwa mistari miwili ya buluu na nukta katikati. Aliitwa Msasa kwa sababu hakukubali kuuza bakuli kabla ya kulisugua mpaka mnunuzi achoke kusubiri. Mti wa gogo hili ulikufa ukiwa umesimama, ukakauka taratibu kwenye mizizi yake bila kupasuka, na moyo wake ulikuwa mzima. Mzee alitaka kutoa humo bakuli moja tu, kubwa, la kukandia unga, kipande kimoja kisicho na kiungo. Wote walijua hivyo. Walijua pia kwamba mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na kwamba alikuwa akingoja itulie.

"Tairi la gari kushoto, tairi la pikipiki kulia," alisema mkereza mmoja ambaye kwa mdomo wake walimwita Redio. "Polisi wa nini? Mkokoteni umetia sahihi wenyewe."

Mkokoteni wa namna hiyo ulikuwa mmoja. Ulikwenda umeinama kama mtu anayeumwa jino, na mwenyewe, aliyekuwa akiahidi kila mwaka kununua tairi la pili la gari, waliishia kumwita Gurudumu. Ndiye aliyewabebea wakereza wote magogo yao. Alikuja akiusukuma mtupu, akapunguza mwendo alipowaona wamekusanyika.

"Mzee, shikamoo. Kuna msiba?"

"Gogo langu liko wapi?"

Gurudumu alitazama nyasi, akatazama njia za magurudumu, akatazama magurudumu yake mwenyewe. "Hizi ni za kwangu, sikatai. Lakini jana mvua haikunipa nafasi hata ya kutoka nje. Mkokoteni niliuacha nyuma ya kibanda cha chai, kama siku zote. Haufungwi. Nani ataiba mkokoteni unaotembea upande upande?"

Watu walicheka, lakini si kwa namna ya kumsaidia.

"Umewauzia watu wa mkaa?" aliuliza Mzee.

"Nimekubebea magogo tangu nywele zako zikiwa nyeusi, mzee wangu."

"Nimeuliza."

"Sikulichukua."

Mzee Msasa aliinama, akaokota unga mwekundu wa mbao uliolowa, akausugua kati ya vidole. Aliponyanyuka aliwatazama waliosimama mmoja mmoja, na macho yake yakakaa kidogo kwa mkwe wake, aliyekuwa nyuma ya Redio amekunja mikono kifuani. Kisha akayaondoa.

"Basi asinibebee tena," alisema. "Na anayeniheshimu asimpe kazi."

Mkwe, naye mkereza, alibaki amekunja mikono. Ndiye aliyelichukua.

Alilichukua Jumapili, mvua ikiwa imewafungia watu ndani. Alilikata palepale kwa msumeno wa mkono, akavibeba vipande kwa mkokoteni wa Gurudumu kwa safari kadhaa, akaurudisha nyuma ya kibanda cha chai na kuuegemeza ukutani jinsi alivyoukuta. Siku chache kabla yake, mwenye mgahawa mpya alikuwa amemwagiza mabakuli ya mezani yatoke kwenye gogo moja, yafanane rangi na mistari. Alitaka haraka. Mkereza alijibu kwamba gogo kavu analo. Hakuwa nalo. Aliyokuwa nayo yalikuwa mabichi, na bakuli la mti mbichi likikerezwa kwa haraka hupinda na kupasuka kabla halijaona meza.

Angeweza kumwomba baba mkwe. Hata hivyo mashine aliyokuwa akitumia ilinunuliwa na baba mkwe. Mabati ya banda yalinunuliwa na baba mkwe. Kila familia ya mke ilipokutana, shemeji yake mkubwa alisimama na kurudia mzaha uleule: "Sisi tuliozesha dada, tukaongezewa mtoto." Watu hucheka, na mkereza hucheka nao, kwa kuwa asipocheka ndipo itakuwa kweli. Kwa hiyo alishindwa kuomba, akaiba.

*

Mabakuli yalitoka mazuri. Mke wake aliyapaka mafuta kwa kitambaa, akayapanga juu ya gazeti, akarudi nyuma kuyatazama.

"Mume wangu, haya si mabakuli, haya ni mapacha. Mti gani huu?"

"Mti tu. Wa barabarani."

"Lini uliukausha?"

"Niliukuta mkavu."

Aliridhika. Alikuwa binti wa mkereza, alijua kwamba mara moja moja bahati hukutana na mtu. Mwenye mgahawa alilipa bila kuvuta. Mke alinunua viatu vya shule vya mtoto wao, vya kumtosha mwaka huu badala ya vile vya kukulia, na kwa mara ya kwanza kilo kadhaa za sukari badala ya pakiti ya kupima. Alitembea siku hizo akiwa na shingo ndefu. Kaka yake alipopita kusalimia, alimwekea chai yenye sukari ya kutosha na kumwambia, "Koroga, usiogope, ipo."

Kitu kimoja kilikuwa nje ya mpango. Alipokata gogo, mkereza alizitenga zile ncha mbili zilizopakwa alama kama visahani vinene. Cha kwanza alikichoma. Cha pili alikisimamisha nyuma ya banda, upande wa rangi ukigusa ukuta, akikusudia kukichoma kesho yake. Kesho yake mke wake alikuwa amekikuta kwenye maranda. Upande ulioonekana ulikuwa safi na laini. Aliusugua kwa maji na brashi, akakiingiza ndani bila kukigeuza, akakilaza chini kando ya mlango, rangi ikitazama sakafu.

"Nimepata kigoda," alimwambia mumewe aliporudi. "Wageni wamezidi viti."

Mkereza alisimama mlangoni. Kama angesema kitoke, angeulizwa kwa nini. Kama angekibeba mwenyewe, kingegeuka mikononi mwake mbele ya mke. Alisema, "Kizuri." Kila siku baada ya hapo alipanga kukitoa mke akienda sokoni, na kila siku mke alipokwenda sokoni mtoto alikuwa amekikalia akisoma. Aliishia kukikalia yeye mwenyewe wakati wa kula, mkao wa mtu anayeficha kitu kwa uzito wake.

*

Gurudumu hakupata gogo la kubeba. Redio, ambaye kwa kawaida hakuweza kutembea hatua chache bila kumwita, sasa alimwita kwa ajili ya kumtania: "Gurudumu, bado unatafuta gogo la mzee? Angalia mfukoni!" Gurudumu alibeba mkaa kwa muda, kazi ambayo wasukuma mikokoteni wengine waliikataa, kwa kuwa mkaa huingia kwenye nguo, kwenye kucha na kwenye chakula. Mama wa kibanda cha chai alimwambia kwa adabu kwamba asiache tena mkokoteni pale nyuma, wateja wanasema maneno. Akawa anaufunga kwa mnyororo kwenye dirisha la chumba chake, na mwenye nyumba akalalamikia dirisha.

Alasiri moja alibisha hodi kwa mkereza. Alikuwa ametoka kubeba mkaa. Alikuwa amenawa uso na mikono mpaka kwenye viwiko tu.

"Karibu, karibu ndani, shemeji," alisema mke. "Mbona umetupotea?"

"Nipo, shemeji. Nazunguka zunguka."

Mkereza alikuwa amekaa kwenye kiti. Kigoda kilikuwa kando ya mlango. Mke alikisogeza kwa mguu mbele ya mgeni na kuingia upande wa jikoni kuchukua chai. Gurudumu hakuketi mara moja.

"Mkereza, nimekuja na shida. Wewe ni mkwe wa mzee. Neno lako kwake si sawa na langu. Nataka uniombee. Simwambii aniamini. Nataka aseme tu kwamba hajui. Akisema hajui, hawa wengine watanirudishia kazi."

"Nimesikia," alisema mkereza. "Unajua mzee alivyo."

"Namjua. Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Nitaona siku akiwa na moyo mzuri."

"Hata siku akiwa na moyo mbaya, ndugu yangu. Mimi nabeba mkaa."

Gurudumu alitazama suruali yake, kisha kigoda safi kilichosuguliwa. Hakutaka kukiharibu. Aliinama, akakishika kwa mikono miwili na kukigeuza, ili akalie upande wa chini, upande mchafu.

Mistari miwili ya buluu na nukta katikati ilikuwa imehifadhiwa vizuri. Tope kidogo lilikuwa limeshika ukingoni.

Mke alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kikombe mkononi. Kutoka pale aliiona alama hiyo vizuri kuliko wote. Alikuwa ameiona kwenye magogo tangu hajaanza shule. Mkereza alitazama magoti yake.

Gurudumu aliketi. Alikaa juu ya ile alama, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akasema asante.

"Sukari inatosha?" aliuliza mke.

"Imezidi, shemeji."

Aliinywa chai yote. Hakuiharakisha wala hakuichelewesha. Alipomaliza alisimama, akakigeuza kigoda tena, upande safi juu, akakirudisha kando ya mlango mahali alipokikuta.

"Basi, utaniombea," alimwambia mkereza, bila kuuliza, na akaaga.

Mke alimkuta anafungua mkokoteni nje.

"Shemeji. Umeona."

"Nimeona nini?"

"Usinifanyie hivyo."

Gurudumu alizungusha mnyororo mkononi. "Nikienda kusema, watasema nimekileta mwenyewe nikakiweka kwenu. Mkokoteni ulinishtaki, na kigoda nacho kitanishtaki. Yule ni mkwe wa mzee. Mimi ni nani? Chai ilikuwa nzuri. Asante."

Akaondoka. Mkokoteni uliinama upande wa kulia, kama kawaida yake.

*

"Ulikuwa unakikalia," mke alisema aliporudi ndani. "Kila siku unakikalia na unakula."

"Nilitaka kukitoa."

"Mimi nilikisugua. Kwa mikono yangu. Nikamwambia kaka yangu akoroge chai asiogope."

"Ningemwambia nini baba yako? Nipe na gogo pia? Umesahau wanavyonicheka?"

"Wanakucheka kwa kuwa ulipewa mashine. Hakuna aliyekucheka kwa wizi. Sasa watapata sababu." Alifunga mlango wa jikoni, akaufungua tena. "Na yule amekaa hapo amenywa chai yetu. Kama angetutukana ningejua pa kuweka uso wangu."

Alikifunga kigoda kwenye gunia. Hakumwambia mumewe amfuate, lakini mume alimfuata, hatua chache nyuma, mpaka kwa baba yake.

Mzee Msasa alikuwa barazani akisugua bakuli dogo, msasa ukicheza kwenye vidole vyake. Binti alikiweka kigoda miguuni pake na kulitoa gunia. Mzee aliitazama alama yake mwenyewe, hakuonekana kushtuka. Akaendelea kusugua.

"Baba, nimekosa," alisema mkereza.

"Najua."

"Nililichukua mimi."

"Nimesema najua. Nilijua siku ileile. Ulikuwa na unga wa mbao kwenye sikio, mwekundu. Mti mwekundu katika magogo yale ulikuwa mmoja." Alipuliza vumbi. "Umetoa mabakuli mangapi?"

Mkereza alitaja idadi.

"Madogo?"

"Madogo, baba. Ya mezani."

"Gogo lile lilikuwa na upana wa viganja vyangu viwili nikivikunjua," alisema Mzee. Ndilo neno pekee alilolisema kuhusu bakuli lake.

Binti ndiye aliyekuwa bado amesimama. "Ulijua, baba? Ulijua na ukamwambia Gurudumu mbele ya watu?"

"Ulitaka niseme nini? Kwamba mume wa binti yangu ni mwizi? Aende kulala wapi? Mjukuu wangu aitwe mtoto wa nani pale shuleni?"

"Gurudumu naye ana watoto."

"Gurudumu si mkwe wangu," alisema Mzee.

Alipolisema alilisikia. Mkono wenye msasa ulisimama juu ya bakuli. Hakuna aliyemtazama. Binti alitazama kigoda, mkereza alitazama ardhi, na Mzee akalitazama bakuli lake.

*

Asubuhi iliyofuata Mzee aliwataka wakereza wakutane kandokando ya mtaro, palepale palipokuwa na gogo. Gurudumu aliitwa. Alikuja bila mkokoteni.

"Gogo limepatikana," alisema Mzee. "Gurudumu hana kosa. Nilimkosea, na ninamwomba msamaha mbele yenu. Arudi kazini."

Alitaka iishie hapo. Tayari alikuwa amegeuka kuondoka.

"Limepatikana wapi, mzee?" aliuliza Redio. "Au limerudi lenyewe kwa miguu? Tuonyeshe hiyo miguu!"

Kicheko kilipita. Mzee alikohoa. Redio alimtazama Gurudumu kwa jicho la mtu anayejua jinsi mambo ya wakubwa yanavyomalizwa, na wengine wawili watatu wakamtazama vivyo hivyo. Msamaha ule ulikuwa umemwacha Gurudumu mwizi aliyesamehewa.

Mkereza alikuwa amesimama mahali alipokuwa siku ya kwanza, nyuma ya Redio, mikono imekunjwa. Alingoja baba mkwe aseme. Alingoja mtu yeyote aseme.

"Inatosha," alisema Gurudumu. "Limepatikana, yameisha. Watu wana kazi zao."

Alikuwa akimfunika mkereza tena, kama alivyogeuza kigoda. Mkereza alishusha mikono.

"Liko kwangu," alisema.

"Nini?" alisema Redio.

"Gogo. Nilikuwa na oda. Nilikata ncha zenye alama, nikatoa mabakuli, nikayauza. Mkokoteni niliuchukua nyuma ya kibanda bila kuomba, na nikaurudisha. Siku ile mnamuuliza hapa, nilikuwa nimesimama hapa."

Redio alikuwa na neno mdomoni, lilionekana likija. Hakulitoa. Alitazama viatu vyake. Mmoja baada ya mwingine wakereza wakaondoka, bila mzaha wowote, wakipita mbali kidogo na mkereza kama watu wanaokwepa dimbwi.

"Jumatatu nina magogo mawili ya kubeba," Mzee alimwambia Gurudumu. "Nitalipa zaidi ya zamani."

"Nimesikia, mzee," alisema Gurudumu.

*

Jumatatu Gurudumu hakuja. Walimsubiri mpaka jua likapanda. Kisha mkereza akatafuta nguzo mbili, na baba mkwe akaleta kamba, wakaanza kulivingirisha gogo la kwanza kando ya barabara, mmoja akisukuma, mwingine akiweka jiwe lisirudi. Kwenye kibanda cha chai watu waligeuza viti vyao ili wasiwatazame, na hilo lilionekana kutoka barabarani.

Walikuwa wamefika kwenye mteremko mkwaruzo wa mkokoteni uliposikika. Gurudumu alikuwa amebeba mifuko ya saruji ya mjenzi, imefunikwa kwa turubai. Mkokoteni ulikwenda umenyooka. Magurudumu yote mawili yalikuwa ya gari.

Alipofika sambamba nao alipunguza mwendo, kwa kuwa njia ya kando ilikuwa nyembamba na gogo lilikuwa limechukua nusu yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema Mzee Msasa.

"Mkereza, habari za asubuhi."

Mkereza alikuwa ameegemea gogo kwa bega ili lisiteleze. Hakuweza kunyanyua uso. "Nzuri," alisema akiitazama ardhi.

Gurudumu aliusogeza mkokoteni ukingoni, akawapisha, akapita.